SAA ZA KURUKA: KWA NINI LESENI YA URUBANI PEKE YAKE HAITOSHI

Wako wazazi wauzao shamba au ng'ombe ili kijana wao akasomee urubani, wakitumaini kwamba siku apatapo leseni ndiyo siku atakayoandikwa kazi na shirika kubwa la ndege. Kijana hurudi nyumbani na leseni mkononi, lakini kila aendako kuomba kazi huulizwa swali moja: "Una saa ngapi?" Yafaa maana ya swali hilo ijulikane mapema, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Saa zinazoulizwa si za darasani. Ni saa ambazo rubani amekuwa akiendesha ndege. Kila arukapo huandika katika daftari lake tarehe, aina ya ndege, mahali alipoondokea na alipotua, muda wa safari, na kama alikuwa rubani mkuu au msaidizi. Daftari hilo ndilo shahidi wake.

NGAZI TATU

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, zaweka ngazi tatu. Ya kwanza ni leseni ya rubani wa binafsi, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 40. Mwenye leseni hiyo aweza kuwarusha jamaa na rafiki zake, lakini haruhusiwi kupokea mshahara kwa kazi hiyo.

Ya pili ni leseni ya biashara, nayo huhitaji saa 200, au 150 kwa mwanafunzi aliyefuata mafunzo kamili katika shule iliyokubaliwa. Hapo ndipo rubani aweza kulipwa.

Ya tatu ni leseni ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria. Hiyo yataka saa 1,500 na umri usiopungua miaka 21. Tena saa hizo haziwi za namna moja tu. Lazima 200 ziwe za safari za mbali, 100 za usiku, na 75 za kuongoza ndege kwa kutazama vipimo tu. Sababu yake ni wazi. Katika giza au ndani ya wingu zito, macho na masikio humdanganya mtu, akadhani ndege imenyooka kumbe inapinda kuelekea ardhini.

Mwenye leseni ya pili aweza kisheria kuwa rubani msaidizi, kama pia amepata kibali cha kuongoza kwa vipimo na kibali cha aina ile ya ndege. Huko Ulaya wako vijana waanzao kazi hiyo wakiwa na saa 200 hivi. Lakini kila shirika huweka masharti yake, na mengi hudai saa nyingi kupita zile za sheria.

MSIBA WA BUFFALO

Marekani ilichukua njia ya ukali zaidi. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 haukusahaulika: ndege ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Ndege ilikuwa imepungukiwa na mwendo. Usukani ulipotetemeka kumwonya, rubani mkuu aliuvuta, hali ilimpasa kuusukuma mbele. Jamaa za waliokufa walidai sheria mpya, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria nchini humo sharti awe na saa 1,500. Waliotoka jeshini husamehewa hadi 750, na wenye shahada ya chuo cha urubani hadi 1,000.

Lakini jambo moja lastahili kuangaliwa. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kupita saa 1,500. Kwa hiyo wako wasemao kwamba wingi wa saa si kitu kama saa zenyewe hazikumfunza mtu neno. Saa moja ya kujizoeza hatari pamoja na mwalimu yaweza kushinda saa nyingi za kuzunguka juu ya kiwanja kimoja mchana kweupe.

KUJAZA PENGO

Kati ya saa 200 na saa 1,500 pana pengo la saa 1,300. Rubani arukaye saa 50 kila mwezi atahitaji miezi 26 kulijaza. Wengine hulijaza kwa kuwa walimu wa urubani, wengine kwa kupeleka watalii na mizigo kwa ndege ndogo katika viwanja vya mbugani. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mzazi asilipe karo kabla ya kuuliza mambo manne. Je, kijana amepimwa na daktari wa marubani, akaonekana anafaa? Shule itampa saa ngapi, na za namna gani? Mashirika anayoyatamani yanataka ngapi? Na baada ya leseni, atapata wapi saa zilizobaki, na kwa fedha ya nani? Asiye na jibu la swali la mwisho angali na nafasi ya kufikiri, na shamba lake lingali lake.