Ifunda: Kambi Inayotuonya Dhidi ya Utaifa Uliopindukia

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Iringa hupita Makambako na Mafinga, kisha hufika Ifunda. Ni wachache wajuao kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mahali hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala, Njombe.

Ni kitu gani kilichowafikisha watu wa Ulaya katika baridi ya Uheheni? Chama cha Nazi kiliwafundisha Wajerumani kwamba damu yao ni bora na ardhi ya jirani ni haki yao. Septemba 1, 1939, Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi. Septemba 17, Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Chini ya Wanazi, Wayahudi wa Polandi wapatao milioni 3 waliuawa. Upande wa Wasovieti, familia nzima nzima zilipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia. Walioachiwa mwaka 1941 walipata hifadhi Iran, nchi ya Waislamu, kisha wakaletwa kwetu.

Sumu hiyo ilikwisha kufika hata hapa: Nazi ilikuwa na wafuasi miongoni mwa walowezi wa Kijerumani Tanganyika. Nao vijana wetu, wasio na ugomvi na yeyote, walipelekwa kupigana hadi Burma.

Ndugu msomaji, kuipenda nchi si dhambi. Mtume (s.a.w) aliipenda Makka na kuhuzunika alipoiacha. Alichokikemea ni asabiyya, yaani kuwaunga mkono watu wako hata katika dhulma. Nayo Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa mataifa na makabila yameumbwa ili tujuane, na mbora ni mcha Mungu zaidi.

Mafunzo haya huanzia nyumbani. Utani wa makabila ni mila njema, kwa kuwa mtani wako ndiye akuzikaye. Lakini mtoto anapomwita Mmalawi au Mzambia aliyevuka Kasumulu au Tunduma kuwa si mtu kamili, mzazi asicheke. Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende kabla ya kuchinjwa. Amkanye mtoto palepale, amweleze kisa cha Ifunda, na amfundishe kumsalimu mgeni kwa heshima.