Hatia ya Baba, Adhabu ya Mwana

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," walisema wahenga, nasi huirudia kauli hiyo bila kuipima. Kila nifundishapo tanzia za Wagiriki wa kale methali hii hunijia akilini, kwa maana wanafunzi huuliza swali lile lile: Je, Oedipus alikosa nini hata akapatilizwa vile?

Swali hilo si jepesi. Katika tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Mfalme Edipode, shujaa huyo anamuua babake na kumwoa mamake pasi na kuwatambua. Wasomaji wengi hukata shauri kwamba kwa Wagiriki yote yalikuwa majaaliwa, na mja hakuwa na lake. Nathubutu kusema kwamba rai hiyo ina upungufu.

Tuitazame tamthilia ya Aeschylus kuhusu mashujaa saba walioushambulia mji wa Thebes, iliyoigizwa mwaka wa 467 kabla ya Kristo. Laius, babake Oedipus, alionywa na mungu Apollo kwamba akitaka mji wake usalimike, basi afe bila mtoto. Akakaidi. Kosa lake likamfika mwana, kisha wajukuu, Eteocles na Polyneices, waliouana wakigombea utawala. Laana ipo, hapana shaka. Hata hivyo, Eteocles anapojua kuwa anayemngoja katika lango la saba ni nduguye, wanawake wa mji wanamsihi asiende. Yeye anakwenda. Urithi ulimfikisha njia panda. Uamuzi ulikuwa wake.

Lugha nayo ina ushahidi. Neno hamartia, alilolitumia Aristotle kuelezea anguko la shujaa wa tanzia, linatokana na kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Mswahili haoni ajabu hapo. Mwindaji humkosa swara, na kijana humkosea mzee wake. Mzizi ni mmoja. Basi swali la wanafunzi wangu lina jibu ndani yake: kukosa si lazima kuwe na nia mbaya.

Sophocles mwenyewe alilijua hilo. Katika tamthilia yake ya mwisho, iliyoigizwa mwaka wa 401 kabla ya Kristo, yeye akiwa amekwisha kufariki, Oedipus mzee anajitetea. Anasema kwamba hakujua atendalo, na kwamba utabiri ulimfikia babake kabla yeye hajazaliwa, alaumiwe vipi? Walakini, anasita kumgusa Theseus aliyemwokolea mabinti zake, akihofia kumtia unajisi wake. Amekana hatia, lakini hakuukana mzigo.

Aeschylus alikwisha kutafuta njia ya kutoka katika mkasa kama huu mwaka wa 458 kabla ya Kristo. Agamemnon alimtoa bintiye kafara, mkewe akamuua, mwana wao, Orestes, akamuua mama. Kisasi kilizaa kisasi hadi Athena alipounda baraza la mahakimu. Kura zikalingana, na Orestes akaachiliwa. Mashetani wa kisasi waliokuwa wakimwandama hawakufukuzwa, bali walipewa makao ya heshima mjini. Huo si ushindi mtupu. Ni jamii kukubali kwamba damu hudai jibu, ila jibu hilo litolewe na baraza, wala si panga.

Walimu wenzangu, ni mara ngapi tumeliona jina la ukoo katika orodha ya darasa, tukakumbuka utundu wa kaka mtu, tukamhukumu mdogo kabla hajafungua kinywa? Mtoto hurithi mengi: shamba, deni, hata uhasama wa majirani. Hayo hatuwezi kumpunguzia kwa maneno. Hatia, hata hivyo, haimo katika mirathi. Tunapozisoma tanzia hizi na wanafunzi wetu, tuwafunze kuutenga mzigo na hatia, na sisi tuwe wa kwanza kujifunza.