Rubani wa Nyumbani na Anga ya Jana

Neno rubani limetujia kutoka Kiarabu, nalo lilikuwa la baharini kabla halijapaa angani. Mnamo Aprili 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani aliyezijua pepo za majira hayo. Mwezi uliofuata merikebu zikatia nanga karibu na Calicut.

Leo urubani umeingia hata vyumbani. Kijana wa Kilifi aweza kuketi mbele ya kompyuta, akaiga safari ya ndege kutoka Mombasa hadi Malindi. Baadhi ya walimu husema huo ni mchezo mtupu. Siafiki. Kupanga njia ni hisabati na jiografia: masafa, dira, upepo, mafuta.

Hata hivyo, taarifa za njia za anga hurekebishwa duniani kila baada ya siku 28. Ncha ya sumaku ya dunia nayo huhama, hata nambari za viwanja vya kurukia, zinazofuata dira, hulazimika kubadilishwa. Asiyezihuisha taarifa zake anajifunza anga ya jana.

Lakini sisi tunaosomesha kwa madaftari ya miaka kumi iliyopita, tuna haki gani ya kumcheka?