Gari la kale lina paa la faiba? Anza kutazama chini

Katika mitaa yetu ya Pwani hukosi kuona gari la zamani limefunikwa turubai chini ya mwembe. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, warithi hawajaelewana, na mnunuzi wa vyuma chakavu kila akipita huuliza bei. Siku moja huambiwa: "Chukua tu, latujazia uwanja."

Ndugu msomaji, kabla ya kusema "chukua tu", mtu ajue anachokitoa. Nilisomea ufundi wa magari kwa kiwango cha diploma, na gari ninalopenda kulitolea mfano ni Sunbeam Alpine ya Uingereza yenye paa la Harrington.

Alpine ilikuwa gari dogo la michezo la kampuni ya Rootes, iliyoliunda kuanzia 1959 hadi 1968. Yalitoka takriban magari 69,000. Lilikuwa gari la wazi, paa lake la kitambaa likikunjwa na kukunjuliwa. Waliotazama filamu ya Dr. No ya 1962 wamemwona James Bond akiendesha moja.

Mwaka 1961 kampuni ya Thomas Harrington, iliyokuwa Hove, mji ulio kando ya bahari kusini mwa Uingereza, ilianza kuyageuza baadhi ya magari hayo. Hawa walikuwa mafundi wa bodi za mabasi. Waliliwekea Alpine paa gumu la faiba linaloteremka taratibu hadi nyuma. Mwaka huohuo gari moja la aina hiyo liliingia mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, likiendeshwa na Peter Harper na Peter Procter, likashinda tuzo ya matumizi bora ya mafuta. Baadaye Harrington wakatoa toleo walilolipa jina la Le Mans, na hilo hata mapezi ya nyuma walikuwa wameyakata.

Magari waliyoyageuza hayakufika elfu moja, na kampuni yenyewe ilifunga milango miaka hiyohiyo ya sitini. Kwa hivyo paa hilo huwezi kuliagiza dukani kama spea nyingine. Likiharibika, ni kulitibu lilipo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Faiba haishiki kutu. Ukilisugua paa na kulipiga rangi, gari litang'aa ukadhani kazi imekwisha. Lakini Alpine haina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Mzigo wote unabebwa na sakafu na vizingiti vilivyo chini ya milango, na hivyo ni vya chuma. Maji yakituama mle ndani, kutu hula kimyakimya. Sisi tunaoishi na hewa ya chumvi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hivyo kazi huanzia chini. Kabla ya kukata kizingiti kilichooza, fundi huchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kutoka mbele hadi nyuma, ili gari lisipinde katikati. Hukata upande mmoja, akaumaliza, ndipo agusie wa pili. Kila hatua hurudisha mlango na kuufunga. Mlango ndio kipimo chake: ukianza kugusa pembeni, bodi imesogea. Na bodi ikisogea, paa lililogandishwa juu yake litapasuka kwenye maungio, au kioo cha nyuma kisikae tena mahali pake.

Chini kukiwa imara, ndipo upande juu. Rangi ya zamani huondolewa kwa msasa na subira. Dawa kali za kubandua rangi huweza kula rezini, na kupuliza mchanga kwa nguvu huchimba faiba. Nyufa ndogo hazifunikwi kwa puti, maana zitarudi. Huchimbuliwa hadi kwenye faiba nzima, zikawekwa matabaka mapya ya mkeka na rezini, kisha zikaachwa zikauke sawasawa kabla ya rangi. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mafundi wetu wa boti za faiba huifanya, na fundi wa magari mwenye busara hatoona haya kumwita mmoja wao amsaidie.

Kuna njia ya mkato: kung'oa paa la zamani na kubandika jipya lililotolewa kwenye kalibu. Litapendeza, lakini gari litakuwa limepoteza kile kilicholitofautisha na Alpine nyingine zote. Litabaki na nguo ya kuazima. Anayelijua gari hilo hutazama namba zake, kisha maungio ya paa, na akibaini ujanja bei hushuka papo hapo.

Basi tukirudi kwa lile gari chini ya mwembe: huenda si la thamani kubwa, na wala sikuahidi utajiri. Lakini fungua turubai. Soma namba kwenye kibati chake, piga picha, tafuta kitabu chake cha usajili, kisha ulale chini uvitazame vizingiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuamua kuuza ni haki ya warithi, ila wauze wakijua wanachouza.