Majilio: Tutengeneze Njia Kabla Mgeni Hajafika



Desemba ikiingia hapa Likoni, Kisauni na Changamwe, mazungumzo yote huwa ni nguo za watoto, nauli ya kwenda bara na mchele wa pilau. Si vibaya. Lakini je, Mgeni mwenyewe tunamtayarishia nini?

Majilio maana yake ni kuja. Kipindi hiki huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kina Jumapili nne. Hakizidi siku 28. Mwaka 2023 kilikuwa siku 22 tu, maana Krismasi iliangukia Jumatatu. Padre huvaa zambarau, na Jumapili ya tatu aweza kuvaa rangi ya waridi, ishara ya furaha. Mwanzoni Kanisa hutukumbusha kwamba Kristo atarudi. Kuanzia tarehe 17 Desemba hutuelekeza Bethlehemu.

Yohane Mbatizaji alipoulizwa watu wafanye nini, hakutaja sherehe. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asichukue zaidi ya haki. Hayo ni maneno ya kikundi kabisa!

Mwaka mmoja tulitembelea kikundi cha akina mama huko Likoni. Daftari lilikuwa safi, lakini wawili hawakuwa wakiamkuana tangu Pasaka kwa ajili ya deni la shilingi 2,000. Tukakaa nao. Mwenye deni akakubali kulipa shilingi 300 kila wiki, na mwenzake akakubali kuzipokea kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kumtuma mtoto. Krismasi ilifika deni halijaisha, lakini salamu zilikuwa zimerudi. Hiyo ndiyo njia iliyotengenezwa.

Basi tunashauri hivi:

1. Wiki ya kwanza: mweka hazina asome hesabu mbele ya wote. Kabla ya kugawana akiba, kila mmoja aweke kando pesa za shule. Januari haina huruma.

2. Wiki ya pili: wenye madeni na wenye kinyongo wakutane. Anayeona haya aende na mzee wa jumuiya.

3. Wiki ya tatu: twende kitubio mapema, tusingoje foleni ya mkesha.

4. Wiki ya nne: tupunguze kidogo matumizi ya sikukuu, tumpelekee mgonjwa au mjane, naye asiwe Mkristo tu.

Kwa vikundi vyenye wanachama Waislamu, tusiwalazimishe sala zetu. Lakini hesabu ya wazi na kusameheana ni mambo yetu sote, na kujinyima kabla ya sikukuu wenzetu wanakufahamu vizuri sana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu akikuta tumepatana, hata chai kavu itatosha.

Tunawatakia Majilio mema.