Tundu la Oili Likilika Hesi, Injini Haijafa

Ziko nyumba humu mwambaoni ambamo gari la zamani ni urithi wa wazee: Peugeot 504, kwa mfano, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kushinda mbio za Safari Rally hapa Kenya mwaka 1975 na 1978. Gari kama hilo linapoanza kudondosha oili, na bolti ya kumwagia oili ikawa haikazi tena, mwenyewe huweza kushauriwa atafute injini nyingine, au aizungushie bolti utepe. La kwanza ni hasara isiyo na haja. La pili ni hatari.

Tujue kwanza kilichoharibika. Chini ya injini pana beseni la oili, lenye tundu linalozibwa kwa bolti. Bolti hushikwa na hesi, yaani ile mikato myembamba inayozunguka ndani ya tundu. Beseni likiwa la alumini, hesi zake ni laini kuliko bolti ya chuma. Washa ikichakaa isibadilishwe, bolti hukazwa kupita kiasi ili kuzuia uvujaji. Hesi hulika kidogo kidogo, hata siku moja bolti ikazunguka bila kushika. Ikichomoka njiani, oili yote humwagika, na injini isiyo na oili husagika kwa dakika chache.

Tiba huanza kwa lililo jepesi. Huenda kilicholika ni bolti pekee. Mpya ya kipimo kilekile na washa mpya zatosha. Iwapo ni tundu, wapo wanaotia bolti nene zaidi inayojikatia hesi yenyewe. Ni njia ya haraka, lakini ikiingia upande huweza kulipasua beseni la alumini.

Njia ya kudumu ni kulivisha tundu hesi mpya. Fundi hulipanua kwa keekee, hukata hesi pana zaidi, kisha huingiza kipete cha chuma ambacho ndani yake mna hesi za kipimo cha bolti ya awali. Sasa chuma hushikana na chuma, na tundu huwa imara kuliko lilivyokuwa. Beseni la chuma, nalo, huweza kuchomelewa nati mpya, mradi limeshafunguliwa na kuoshwa oili yote.

Mama au binti anayelipeleka gari gereji na aulize mambo matatu. Je, beseni litafunguliwa na kusafishwa, ili chembe za chuma zisibaki ndani? Je, washa itakuwa mpya? Je, bolti itaanzwa kwa vidole, kisha ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji badala ya nguvu za mkono? Fundi mwema hachukizwi na maswali haya.

Gari likirudi nyumbani, tutandike kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi kitasema kweli. Tukiwa barabarani, taa nyekundu ya oili ikiwaka tuzime injini papo hapo. Na oili chafu isimwagwe mtaroni, kwani mitaro yetu huishia baharini. Itiwe dumuni na irudishwe gereji.