Kichwa kikiuma Mlima Kenya, usidhani ni malaria tu

WAKAZI wa Ogwedhi na sehemu nyingine za Migori na Homa Bay wanaijua malaria vyema. Mtu akiumwa na kichwa, akitapika na kukosa hamu ya chakula, wazo la kwanza ni malaria.

Mazoea hayo yanaweza kumponza anayepanga kuzunguka Mlima Kenya kwa miguu kwa siku kadhaa, mzigo mgongoni. Huko juu, dalili hizo hizo mara nyingi ni za ugonjwa wa kimo, ambao tiba yake kuu ni kuteremka.

Ugonjwa huu huletwa na nini?

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho hufikiwa bila kamba, kiko mita 4,985. Hapo kila pumzi huleta oksijeni inayozidi nusu kidogo tu ya ile anayopata mtu wa Mombasa.

Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji siku kadhaa. Ujana na nguvu si kinga. Kijana aliyefanya mazoezi katika Milima ya Gwassi atakuwa na miguu imara, lakini akienda mbio anaweza kuugua kabla ya mzee anayetembea polepole.

Safari ipangwe vipi?

Usihesabu kilomita; hesabu kimo cha mahali utakapolala. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kwa kuwa kambi za mlimani hazikujengwa kwa kufuata kipimo hicho, ongeza usiku pale kimo kinaporuka.

Mzunguko unaofaa ni kupanda kwa njia ya Sirimon na kuteremka kwa Naro Moru. Lala Nanyuki usiku mmoja, kisha Old Moses (mita 3,300) usiku mbili. Lala Liki North, karibu mita 4,000, usiku mmoja, halafu Shipton (mita 4,200) usiku mbili. Ukishafika Lenana, teremka ukalale Met Station (mita 3,050). Kutoka Naro Moru utapata matatu ya kurudi Nanyuki.

Kunywa maji ya kutosha, yaliyochemshwa. Beba nguo za baridi na za mvua, kwani usiku barafu huganda. Epuka pombe na dawa za usingizi. Usiende bila kiongozi anayeujua mlima.

Kabla ya kuondoka

Pima malaria. Mbu wa malaria hawakufuati huko juu, lakini vijidudu ulivyoambukizwa nyumbani vinaweza kukuangusha wiki moja au zaidi baadaye. Homa kali na kutetemeka huashiria malaria au maambukizo mengine. Hata hivyo, ukiumwa na kichwa mlimani, chukulia kwanza kwamba ni kimo.

Pima pia seli mundu, ugonjwa wa kurithi ulio wa kawaida katika eneo la ziwa. Oksijeni ikipungua, chembe za damu za mgonjwa hujikunja na kuziba mishipa. Mwenye ugonjwa huu asipande. Hata aliyerithi upande mmoja tu, na ambaye hajawahi kuugua, anaweza kudhurika wengu. Amwone daktari kwanza. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ishara ya kuteremka.

Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea kimo, lakini ni daktari anayepaswa kuiagiza, hasa kwa mtu anayedhurika na dawa za salfa.

Lini kuteremka?

Kichwa kikiuma kidogo, baki hapo hapo hadi kipoe. Kikizidi, teremka. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, akihema hata akiwa amekaa, au akikohoa povu lenye damu, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake.

Kilele hakihami. Anayeteremka leo akiwa hai anaweza kurudi mwaka ujao.